Kibla Haikuhama



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wapenzi, katika muda wa mwezi mmoja nimeulizwa swali moja na wazazi watatu: mtoto amepata nafasi ya kusoma Ulaya, je, tumwache aende? Mmoja wao, mama wa Kisauni, alinisubiri baada ya darsa la akina mama akaniambia, "Sheikh, jibu la kitabuni nimekwisha kulisikia. Nipe la nyumbani." La nyumbani ninalo. Mpwa wangu na mama yake wameniruhusu kulieleza kwa sharti la kutotaja majina, nami nalieleza pamoja na makosa yangu mwenyewe, kwani hayo pia yana funzo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikubaliwa kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa maji katika chuo kikuu kimoja cha umma mjini Berlin, Ujerumani. Vyuo vya umma vya mji huo, kwa masomo mengi, havitozi karo kama tunavyoijua sisi. Mwanafunzi hulipa mchango wa kila muhula tu. Tulipoyasikia hayo tulishukuru. Kisha tukaambiwa la pili: kabla ya kupewa viza, mwanafunzi mgeni sharti aoneshe kwamba anayo riziki ya mwaka mzima. Kiwango chenyewe wakati ule kilikuwa euro 11,904, na njia iliyozoeleka ni kuziweka katika akaunti iliyofungwa, ambayo ilimtolea euro 992 kila mwezi, hazizidi. Kwa pesa zetu zilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja na laki saba. Baba wa binti huyu amekwisha kutangulia mbele ya haki, na mama yake ni mshonaji wa nguo.

Tulikaa kikao cha jamaa. Mmoja akasema benki itakopesha. Nikasema riba hapana, na nikasema kwa sauti ya mimbarini. Kukawa kimya. Kisha dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu na hajanizoea kuniogopa, akasema, "Haya, Sheikh, mlango huo umeufunga, na umefanya vyema. Sasa tufungulie mwingine." Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Ni wepesi ulioje kwetu sisi tunaofundisha kumwambia mtu "hii ni haramu" kisha tukajifunga vilemba tukaenda zetu! Anayefunga mlango wa haramu ana wajibu wa kusaidia kuutafuta wa halali. Dada yangu akauza bangili na kidani chake cha harusi. Ami zake binti wakachanga. Mimi nikatoa zile nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya paa la nyumba, na mpaka leo mvua ikinyesha tunakinga ndoo. Zilizobaki tulikopeshwa na jamaa bila ya riba, tukaandikiana, na mashahidi wakatia sahihi, kama dini ilivyotufundisha katika mambo ya deni.

Nakiri pia kwamba sikuwa mwepesi kukubali aende. Suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, wako waliokaza na wako waliolegeza pakiwa na amani na wenzi wanaoaminika. Mimi niliweka masharti mawili: asisafiri peke yake, na akae katika nyumba ya wanawake watupu. Mwenyezi Mungu akasahilisha. Mama mmoja wa Mombasa na mumewe, wenye makazi Hamburg, walikuwa wakirejea wiki ile ile. Wakaongozana naye, wakamfikisha mpaka mlangoni mwa nyumba ya Berlin, kisha wakaendelea na safari yao.

Alifika siku ya Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, jua likikaribia kuzama. Nyumba ina vyumba vitatu na jiko moja la shirika. Alimkuta msichana wa Kijerumani, mwanafunzi kama yeye, akamsalimu, akaoneshwa chumba. Wakati wa magharibi ukaingia. Hapo ndipo ilipomjia fikra ambayo hajapata kuwa nayo maishani mwake: kibla kiko wapi? Au niseme kwa lugha iliyo sahihi, kibla iko wapi?

Nyumbani hajapata kuuliza. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, sisi huku chini nao kule juu, ndiyo maana wazee wetu wa baharini walikuwa wakisema "upande wa kibla" wakikusudia kaskazini. Binti wa watu akatumia elimu aliyokuwa nayo. Simu yake haikuwa na laini ya huko wala intaneti. Akamwuliza yule msichana, "Kaskazini ni wapi?" Akaoneshwa dirisha. Akatandika msala wake mbele ya dirisha, akaswali magharibi, kisha isha, kisha alfajiri, kwa unyenyekevu mkubwa, akielekea upande wa Bahari ya Baltiki. Makka, kwa aliye Berlin, iko kusini-mashariki. Alikuwa karibu ameipa mgongo.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa, tarehe 3 Oktoba. Alitoka kwenda kununua chakula na laini ya simu, akakuta maduka yote yamefungwa. Hiyo ni siku ambayo Wajerumani huadhimisha kuungana kwa nchi yao mwaka 1990, na siku za sikukuu kule, sawa na kila Jumapili, karibu maduka yote hufungwa. Hakuna duka la jirani la kugonga dirisha ukapewa mkate na sukari ya kupima. Chakula chake asubuhi ile kilikuwa visheti na kachiri za muhogo alizofungiwa na mama yake. Yule msichana akamkaribisha supu. Binti akaogopa asije akala nguruwe, akasema ameshiba, na tumbo lake likamsuta kwa sauti.

Adhuhuri akatafuta msikiti. Mwanamke hakulazimishwa Ijumaa, lakini aliniambia alikwenda kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Kwa maelekezo ya karatasi akafika msikiti wa Waturuki mtaa wa Neukölln. Akastaajabu kukuta mlangoni watu chungu nzima wasio Waislamu, wazee kwa watoto, wanavua viatu wanaingia. Akadhani amepotea. Kumbe tangu mwaka 1997 misikiti mingi ya Ujerumani hufungua milango tarehe 3 Oktoba kwa majirani wasio Waislamu, waingie, waulize, wanywe chai. Bibi mmoja wa Kituruki, asiyejua neno la Kiingereza, alimtazama usoni mara moja tu, akamshika mkono, akamketisha, akamwekea chai katika kikombe kidogo cha kioo na sahani ya mikate. Hakumwuliza jina. Alikwisha kumwona kuwa ana njaa.

Alipoingia kuswali akaiona mihrabu, akaona na jua liko upande gani, na moyo ukamshtuka. Usiku ule akanipigia simu, akiwa sasa na intaneti ya msikitini aliyopewa na binti wa bibi yule. "Mjomba," akasema, "nimeswali swala tatu nikielekea siko."

Nikamwambia: umefanya jitihada, na dhambi huna inshaallah. Ama hukumu, katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba aliyejitahidi kuitafuta kibla, kisha akapata yakini kuwa alikosea, hurudia swala ile. Maimamu wa madhehebu mengine wapo wasiomlazimisha. Wewe rudia, ni dakika chache, moyo wako utulie. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini nyumbani kibla ni kaskazini, imekuwaje?" Nikamjibu, "Mwanangu, kibla haikuhama. Umehama wewe."

Nililisema neno lile kama mtu asemavyo jibu la darasani. Baadaye nimelifikiri sana, kwa sababu mengi yaliyomfika siku zile za mwanzo yalikuwa ni hilo hilo. Yako mambo tuliyowafundisha watoto wetu kama dini ambayo kwa hakika ni upande wa kwetu tu: namna ya kushona buibui, saa ya kula, jinsi ya kusalimu, nani aingie jikoni. Mtoto akifika ugenini upande huo haupo. Ikiwa hatukumfundisha kutofautisha Al-Kaaba na dirisha la kaskazini, atafanya moja kati ya mawili: atang'ang'ania dirisha na kuiacha kibla, au ataona dirisha si kitu akadhani na kibla si kitu.

Chukueni mfano wa chakula. Siku ya tatu alimweleza yule msichana ukweli: sili nguruwe, sinywi pombe, na nyama yoyote isiyochinjwa kisheria siili. Msichana hakuchukia. Alisema, "Ungeniambia siku ya kwanza, ile supu ilikuwa ya maboga." Akamtengea sufuria na kabati lake. Neno la kwanza la Kijerumani ambalo binti yetu alilijifunza likawa Schwein, yaani nguruwe, ili alitambue katika karatasi za bidhaa, na la pili Gelatine, kwani peremende nyingi za watoto kule hutiwa hiyo, na mara nyingi ni ya nguruwe. Nyama ya halali haikumpa taabu. Neukölln na Kreuzberg zimejaa maduka ya Waturuki na Waarabu. Kilichomkosesha chakula siku mbili si makafiri, ni haya yake ya kusema.

Siku ya tano alipatwa na msiba mdogo. Treni za mji ule hazina malango ya kuzuia abiria. Mtu hushuka ngazi akapanda, hakuna anayemsimamisha. Mwanafunzi mwenzake akamwambia asijisumbue kununua tikiti, wakaguzi huja mara moja moja. Binti akakataa, akisema amana ni amana hata pasipo mlinzi. Akanunua tikiti yake. Mkaguzi alipokuja, akaitoa kwa fahari, naye akamwandikia faini ya euro 60, karibu shilingi elfu tisa. Tikiti ya karatasi kule haitoshi kununuliwa, hutiwa muhuri katika kijisanduku kilichoko kituoni kabla ya kupanda. Hakuwa amejua. Alinieleza huku sauti ikitetemeka: "Aliyekusudia kuiba kafika salama, mimi niliyelipa nikaaibika mbele za watu."

Nikamwambia hili ni lile lile la dirisha. Nia yako ilikuwa njema na ujira wako hautapotea, lakini nia njema huhitaji elimu ya njia. Ndiyo sababu wanazuoni wetu walianza vitabu vyao kwa mlango wa tohara, namna ya kutawadha, kabla ya kufika penye fadhila za swala. Aulize wenyeji kila jambo: takataka hutengwaje, kimya kinatakiwa saa ngapi. Alipokwenda kujiandikisha katika ofisi ya mtaa, jambo linalotakiwa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, alikuta katika fomu swali la dini. Mama yake alipolisikia aliingiwa na hofu, akasema, "Wanamwandika ili wamfanyie nini?" Binti akauliza, akaelezwa kwamba serikali kule hukusanya kodi kwa niaba ya makanisa kutoka kwa waumini wake, na Muislamu haimhusu. Hofu ya wiki nzima ikaisha kwa swali moja.

Sasa nifike palipo pazito.

Usiku wa siku ya kumi na mbili, dada yangu alinigongea mlango akilia. Binti amepiga simu, anataka kurudi. Amelia mpaka hawezi kusema. Dada yangu naye, aliyeuza kidani chake, akaniambia, "Mwambie arudi. Dhahabu si kitu."

Nikashika simu nikijiandaa kutoa waadhi. Niliulize kwanza, namshukuru Mola aliyenitia swali hilo kinywani, "Mwanangu, umelala usiku huu?" Akakaa kimya kirefu, kisha akasema, "Mjomba, tangu nimefika hakuna aliyeniuliza hivyo."

Ikawa ni zamu yangu kunyamaza. Siku aliyofika, kabla hajala, kabla hajajua kibla, mimi nilikuwa nimekwisha kumpelekea ujumbe wa sauti wa dakika ishirini. Nilimwonya juu ya marafiki waovu, pombe, mavazi, na akida. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini sikumwuliza kama blanketi linamtosha. Mama yake kila siku alimwuliza, "Umeswali? Umekula?" naye kila siku alijibu, "Alhamdulillah, mama," kwa sababu alijua bangili zimeuzwa, na aliyeuziwa bangili haoni haki ya kusema ana baridi. Alikuwa halali kwa saa zaidi ya tatu. Darasani hakuelewa nusu ya yanayosemwa. Jioni alikuwa akikaa kitandani na koti lake, akitazama picha za ukumbi wa nyumbani. Hakuwa amemkosa Mola wake hata siku moja. Alikuwa mpweke tu, na upweke si upungufu wa imani.

Nilimkumbusha Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyehama kwenda Habasha pamoja na mumewe katika lile kundi la Waislamu wa mwanzo, nchi ya Wakristo chini ya mfalme mwadilifu. Miaka ile ya ugeni yeye ndiye aliyeisimulia, na habari nyingi za hijra hiyo tumezipata kwa ulimi wake mwanamke. Nikamkumbusha pia kwamba yeye si Mswahili wa kwanza kuona baridi ya Berlin. Mji ule ulifunguliwa chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1887, na miongoni mwa waliofundisha Kiswahili humo alikuwamo Amur bin Nasur wa Unguja katika miaka ya 1890, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900. Waislamu wa pwani hii, peke yao, bila ya simu wala bibi wa Kituruki wa kuwamiminia chai. Akacheka kidogo. Nikajua atalala.

Hatukumwambia arudi, wala hatukumwambia asirudi. Tulimwambia akae mpaka mwisho wa mwezi, kisha aamue, na kwamba akirudi mlango uko wazi na dhahabu haitatajwa. Wale jamaa wa Hamburg walimwalika Jumamosi, akala wali wa nazi, akalala saa kumi mfululizo. Mwisho wa mwezi ulipofika, hakulitaja tena.

Jua nalo lilimjaribu. Alipofika, magharibi yalikuwa karibu na saa za kwetu, akadhani mambo ni yale yale. Mwisho wa Oktoba saa zikarudishwa nyuma, na Novemba ilipoingia magharibi yakawa hata saa kumi na moja jioni hayafiki. Desemba alasiri huingia kabla ya saa nane mchana, na kabla ya saa kumi jua limekwisha kuzama. Kipindi chake cha maabara kikawa kinaimeza alasiri nzima. Wakati huu hakungoja. Alimwendea mwalimu wake, akamweleza kwamba anahitaji dakika kumi za ibada. Mwalimu akamjibu kwamba wanaovuta sigara hutoka mara tatu, sembuse yeye. Anaswali pembeni mwa chumba cha kuhifadhia vifaa, akielekea kusini-mashariki. Na majira ya joto, inshaallah, magharibi yatamfikia saa tatu na nusu za usiku, ajifunze tena upya.

Wazazi wenzangu, basi je, tuwaache waende? Sina jibu moja kwa watoto wote, wala asikudanganye anayekupa. Ninayo mambo manne niliyoyalipia. Kwanza, pesa iwe ya halali tangu mwanzo, na mwenye kukataza riba achangie. Pili, mtoto aende akijua fikihi ya ugeni: kibla, nyakati, chakula, lini safari imekwisha na swala haifupizwi tena, kwani aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, kwa madhehebu yetu, si msafiri tena anapofika. Tatu, awe na nyumba moja ya Waislamu katika nchi ile, hata ikiwa mji mwingine, inayomjua kwa jina. Nne, na hili ndilo nililolipia ghali kuliko paa la nyumba: mwulize mtoto wako hali yake kabla ya kumwuliza amali yake, na umwachie nafasi ya kujibu lisilokuwa "Alhamdulillah" peke yake. Asiyeweza kukwambia kwamba ana baridi, siku akipotea kweli hatakwambia pia.

Juzi amempelekea mama yake picha. Ni chumba chake, kitanda, meza, na msala umetandikwa kwa mshazari katikati ya sakafu, haulingani na ukuta wowote. Mama yake akauliza, mbona hauko sawa? Akajibu, "Uko sawa, mama. Nyumba ndiyo iliyojengwa upande."

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu walio karibu na walio mbali, wape wenyeji wema, na utupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.